Siku Samboy Lim alipoanguka bila kuruka: barua ya wazi kwa viongozi wa michezo na elimu

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya Elimu, Waziri mwenye dhamana ya Michezo, Baraza la Michezo la Taifa, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania pamoja na vyama vyake vya mikoa.

YAH: KUMFUNDISHA KILA MWANAFUNZI NA KILA MCHEZAJI KUMHUDUMIA MTU ALIYESIMAMA MOYO

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na salamu za heshima kwa wengine wote.

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linataka wizara mbili, baraza na shirikisho wakae meza moja, na barua ya bahasha huishia kwenye jalada la ofisi moja. Nitaanzia mbali, Manila, kisha nitarudi nyumbani. Naomba mnivumilie. Bila kumjua Samboy Lim, mchezaji kikapu wa huko, ombi langu litaonekana dogo.

Kuanzia 2011 hadi 2017 nilikuwa Dubai, nikifanya kazi kwenye ghala la bidhaa huko Al Quoz. Mle ghalani Wafilipino walituzidi wingi, na kila Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawaka, walikuwa wakicheza kikapu kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya mabweni. Mimi nilikuwa nimecheza sekondari hadi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, basi wakanipa nafasi. Msimamizi wetu wa zamu alikuwa mtu wa Manila, umri wake hamsini kasoro. Wenzake walimwita Kuya, na sisi Watanzania, Wakenya na Waganda tukafuata. Kwa kwao Kuya ni kaka mkubwa.

Kuya alikuwa na jezi moja ya zamani, imefifia hadi hujui ilikuwa rangi gani, namba 9 mgongoni. Siku moja nikamuuliza mbona hanunui nyingine, mshahara anao. Akanijibu kwamba ile ni ya Samboy, haibadilishwi. Ndipo nilipoanza kusimuliwa habari za Samboy Lim, na nilisimuliwa kwa miaka sita.

Jina lake la kuzaliwa ni Avelino Lim. Alizaliwa Aprili 1962. Mwaka huohuo timu ya taifa ya Ufilipino ilitwaa dhahabu ya kikapu kwenye Michezo ya Asia kule Jakarta. Ufilipino haikuwa ngeni kwenye makubwa: ilishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Berlin 1936 na ya tatu kwenye mashindano ya dunia ya 1954. Kwa hiyo waliamini dhahabu nyingine iko njiani. Waliingoja sana. Naomba muishike habari hiyo ya dhahabu, nitairudia.

Kule kikapu hakingojei uwanja wa mbao. Goli hupigiliwa kwenye mnazi, minazi kama hii yetu ya Bagamoyo, au kwenye nguzo ya umeme, na watoto hucheza na ndala. Ligi yao ya kulipwa, PBA, ilianza 1975 na ndiyo ya kwanza barani Asia. Timu zake hazibebi majina ya miji, zinabeba majina ya kampuni na bidhaa: San Miguel ni bia, Ginebra ni jini, ile pombe kali, na Purefoods, jina la zamani la timu nyingine, ni soseji na nyama za kusindika. Mgeni anaona ajabu mtu mzima kulia kwa sababu soseji imefungwa na jini. Ukikaa nao mwezi mmoja unaelewa. Kila familia ina timu yake, imerithiwa kutoka kwa babu, na arusi inaweza kuchafuka kwa ubishi wa fainali.

Samboy alijulikana kwanza akiwa mwanafunzi wa Letran, chuo cha mapadri Wadominikani kilichomo ndani ya kuta za mji mkongwe wa Manila. Aliwasaidia kutwaa ubingwa wa ligi ya vyuo mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Hakuwa mrefu kwa vipimo vya mchezo huu, futi sita hivi. Alichokuwa nacho ni kukaa hewani. Mabeki wawili wanaruka naye, wanashuka, yeye bado yuko juu anauhamisha mpira kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na ndipo anauweka golini. Wakamwita Skywalker, mtembea angani.

Lakini anayeruka hivyo lazima ashuke, na Samboy hakuwa na namna nzuri ya kushuka. Alishukia mgongo, alishukia nyonga, alishukia bega. Aliingia katikati ya watu waliomzidi urefu na uzito bila kujiuliza atatua wapi. Kuya aliniambia kwamba mashabiki wa San Miguel, klabu aliyokuja kuichezea, walikuwa na ukimya wao maalumu: Samboy amelala chali sakafuni, maelfu ya watu wamenyamaza, wanasubiri anyanyue mkono. Akinyanyua mkono, uwanja unalipuka kwa kelele kuliko hata zile za kikapu chenyewe. Majeraha yalimla mechi nyingi sana. Kila alipopona alirudi, na aliporudi alirukia palepale alipoumia.

Mwaka 1985 alikuwa kwenye kikosi cha vijana kilichofundishwa na Mmarekani Ron Jacobs. Kule Taipei walitwaa Kombe la Jones kwa kuifunga timu ya Marekani fainali. Kisha Kuala Lumpur, kwenye mashindano yaliyoanza siku za mwisho za Desemba na kuingia Januari 1986, wakawa mabingwa wa Asia. Ufilipino haijautwaa tena ubingwa huo wa bara tangu siku hiyo. Mwaka 1986 akaingia ligi ya kulipwa na San Miguel, na hakuhama. Klabu ileile, namba ileile 9 mgongoni, mpaka alipotundika viatu 1997.

Ndani ya miaka hiyo mwaka unaotajwa zaidi ni 1989. PBA huchezwa kwa mashindano matatu ndani ya msimu mmoja, kila moja na kombe lake. San Miguel ya kocha Norman Black, yenye Samboy, Ramon Fernandez na Hector Calma, ilibeba yote matatu. Kabla yao ni Crispa pekee waliowahi kufanya hivyo, 1976 na 1983. Na bado tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ule ilikwenda kwa Benjie Paras wa Shell, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza ligi. Samboy hakuipata tuzo hiyo hata mara moja maishani. Kuya alikuwa akilisema jambo hili kama mtu aliyenyang'anywa shamba la urithi. Kwa maoni yangu waliohesabu hawakukosea sana, maana tuzo huenda kwa aliyecheza msimu mzima, na Samboy sehemu ya msimu aliilipa kwa mwili. Ila PBA ilipotimiza miaka 25, mwaka 2000, na kuwataja wachezaji wake 25 bora wa historia, jina lake lilikuwamo. Watu walikuwa hawajasahau.

Mwaka 1990 alikwenda Beijing, Michezo ya Asia ya kwanza kwa Ufilipino kupeleka wachezaji wa kulipwa. Kocha alikuwa Robert Jaworski, mtu ambaye Wafilipino baadaye walimchagua kuwa seneta. Walirudi na medali ya fedha nyuma ya China. Dhahabu ya 1962 ikaendelea kubaki ya mwisho.

Waheshimiwa, nimeeleza yote haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeanguka Ijumaa ya Novemba 28, 2014.

Siku hiyo palikuwa na mechi ya maonyesho ya wakongwe huko Pasig, ndani ya jiji kuu la Manila. Samboy alikuwa na miaka 52. Hakukuwa na kombe la kugombea, ni wazee wanaofurahia mchezo wao mbele ya watu waliowapenda. Akaanguka. Safari hii hakuwa ameruka, hakuna beki aliyemgusa. Moyo ulisimama, ubongo ukakosa oksijeni, na ubongo haungojei. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui.

Jumamosi asubuhi Kuya alikuja kazini na macho mekundu. Hakusema mengi. Alituonyesha picha kwenye simu, akakaa juu ya jukwaa dogo la mbao la kupangia mizigo, kofia mkononi, mpaka kengele ya zamu ikalia. Nilimwambia, kama tunavyosema sisi, pole, atanyanyuka, si ndiye yule wa kunyanyua mkono? Kuya akanitazama. Akasema tatizo si kuanguka, ni dakika. Aliuliza dakika ngapi zilipita kabla mtu hajakishika kifua chake.

Sikumwelewa. Nilidhani mtu akizimia unamwekea maji usoni na kumkimbiza hospitali.

Wiki chache baadaye palikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi wa maghala, na Kuya alihakikisha zamu yake nzima imekwenda, hadi wasukuma mikokoteni na mpishi. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo nilipaswa kuyajua nikiwa na miaka kumi na mbili. Kwamba moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Kwamba kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwamba mtu huyo anaweza kuonekana kama anahema, anakoroma na kutupa pumzi kwa vipindi virefu, na watu wakasema bado anapumua, mwacheni apumzike, kumbe huko siko kupumua. Kwamba unampigia goti pembeni, unaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko umevinyoosha, unakandamiza kwa uzito wa mwili wako hadi kifua kishuke sentimita 5 na zisizidi 6, unakiachia kirudi chote, unakandamiza tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Huachi mpaka aje mtu wa kukupokea au ije mashine ya kushtua moyo. Ni kazi nzito. Dakika mbili za kwanza nilitoka jasho mpaka kwenye mkanda, na lile lilikuwa sanamu la plastiki.

Samboy hakufa siku ile. Alitoka kwenye usingizi mzito, akarudishwa nyumbani, lakini ubongo ulikuwa umeumia na hakurudi kuwa alivyokuwa. Mtu aliyekaa hewani kuliko wote hakuweza tena kusimama mwenyewe. Alihudumiwa kwa miaka tisa. Oktoba 2023, kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, Ufilipino iliifunga Jordan 70–60 na kutwaa dhahabu ya kikapu ya kwanza tangu 1962. Desemba 23 ya mwaka huohuo Samboy Lim alifariki akiwa na miaka 61. Maisha yake yamezikumbatia dhahabu zote mbili: alizaliwa miezi michache kabla ya ile ya 1962, akafariki miezi michache baada ya hii. Kuya, ambaye sasa yuko kwao, alinitumia ujumbe wa sauti usiku ule. Alianza kuzungumza Kiingereza, akahamia Kitagalogi bila kujua, nami sikumkatiza.

Sasa nifike kwenye kilichonisukuma kuandika. Familia ya Samboy ilibeba maumivu yake mpaka bungeni. Julai 2016 Ufilipino ikapata Sheria ya Jamhuri namba 10871, inayoagiza wanafunzi wa elimu ya msingi na sekondari, wa shule za umma na za binafsi, wafundishwe kuokoa uhai kwa kiwango kinacholingana na umri wao. Inataka wafundishwe kwa vitendo, mikono ifanye yenyewe, kwa programu za watu wenye utaalamu kama chama cha madaktari wa moyo na Msalaba Mwekundu wa nchi yao. Watu wanaiita Sheria ya Samboy Lim. Fikirini: mchezaji ambaye hakuwahi kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, nchi yake imempa sheria. Na mtoto wa shule ya kijijini huko Mindanao, ambaye hajawahi kuona hata mkanda mmoja wa mechi zake, anatakiwa kupiga goti mbele ya sanamu na kuhesabu thelathini kwa sababu yake.

Nilirudi nyumbani 2017. Jioni nyingi nafundisha watoto kikapu bila malipo kwenye kiwanja kimoja cha mtaani hapa Dar es Salaam. Sitakitaja, wala sitataja bonanza ninalotaka kuwaeleza, kwa sababu walioliandaa ni vijana wenye moyo mzuri na sitaki mtu anyooshewe kidole. Nilichelewa kufika. Nilikuwa bado getini nilipoona watu wamekusanyika karibu na nguzo ya goli, na nikajua kabla sijafika. Kijana alikuwa chini. Mmoja alikuwa akimmwagia maji. Mwingine akimpepea kwa fulana. Mwingine amekata kitunguu na kukiweka puani. Mwingine anajaribu kuingiza kijiko mdomoni, akiamini ni kifafa. Watu waliokuwapo walikuwa karibu hamsini, na wote walitaka kusaidia. Hakuna hata mmoja aliyesimama pembeni akipiga picha. Nilipopenya hadi katikati walikuwa wameshamnyanyua na kumwingiza kwenye bajaji, miguu nje. Niliikimbilia bajaji ile. Nikamkandamiza kifua humohumo, nimejikunja, kwenye kiti laini kinachobonyea, na foleni ilikuwa ile mnayoijua ya saa kumi na mbili jioni. Hatukuwahi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake aliniuliza msibani kama mwanawe aliteseka. Nikamwambia hapana. Hilo nililisema kwa hakika. Swali ambalo hakuniuliza ndilo linalonikosesha usingizi: zile dakika za maji na kitunguu zilikuwa ngapi.

Haya si mambo ya mtaa mmoja. Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya klabu ya soka ya Mbao aliyefunga bao, na dakika chache baadaye akaanguka na kufariki. Taifa lilihuzunika. Lakini ipo mifano ya upande wa pili pia. Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yu hai mpaka leo, kwa sababu mikono ilianza mapema na haikuacha, na daktari wa moyo aliyekuja kutazama mpira tu alishuka kutoka jukwaani kusaidia. Juni 2021 Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen. Alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa moyo palepale, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza mpira. Ulaya wana mashine na magari, nakubali. Lakini kazi ya mwanzo kwa wote wawili ilifanywa na mikono, na mikono hata sisi tunayo.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, najua mtaniambia huduma ya kwanza imo kwenye mtaala. Ni kweli, nimeisoma mwenyewe darasani. Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi anaweza kukutajia vilivyomo ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza: bandeji, pamba, mkasi, wembe, spiriti, glavu, na kazi ya kila kimoja. Tuliviimba. Tulivijibu kwenye mtihani na tukapata vema. Baadhi ya wale waliokuwa wakimmwagia kijana maji ni wanafunzi wangu wa zamani, na wanavijua vyote. Mtihani haukuwahi kuwauliza mikono yao iende wapi. Ombi langu kwako ni saa mbili tu za vitendo kwa kila mwanafunzi kabla hajamaliza darasa la saba, na nyingine mbili sekondari. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili, ina mabingwa wanaoheshimika hata nje ya mipaka yetu, na Chama cha Msalaba Mwekundu kina wakufunzi mikoani. Waiteni, muwaombe waandike somo. Walimu wa michezo wafundishwe kwanza, kwa sababu wao ndio wanaokwenda na watoto kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, wakilala nao madarasani na kuwasimamia juani.

Msiniambie habari ya bei ya sanamu. Nawafundisha watoto wangu kwa mto mgumu uliojazwa nguo kuukuu na kufungwa kamba juu ya tairi la pikipiki. Haufanani na kifua cha mtu sawasawa, lakini unafundisha kupiga goti, kunyoosha viwiko, kuhesabu na kutoogopa. Kutoogopa ndiyo nusu ya somo. Siku ile bonanzani nguvu za mikono hazikupungua; mtu wa kuanza ndiye aliyekosekana.

Ndugu zangu wa shirikisho na wa vyama vya mikoa, ninyi ombi lenu ni gumu zaidi kwa sababu linagusa ratiba na fedha. Mechi isianze mpaka refa aoneshwe watu wawili waliofunzwa, majina yao yameandikwa kwenye fomu ya mchezo pamoja na wachezaji na makocha, na gari au hata bajaji iliyokodiwa imeegeshwa getini ikiwa tupu. Refa anayekagua kucha na hereni za wachezaji anaweza kukagua na hilo. Kozi za makocha na waamuzi mnaziandaa kila mara. Ongezeni asubuhi moja ya kupiga goti. Na pale Dar es Salaam, kwenye viwanja vinavyochezewa ligi kila wiki, tafuteni mfadhili wa mashine moja ya kushtua moyo. Kampuni zinagombania kuweka nembo kwenye jezi. Iwekeni nembo kwenye sanduku la mashine, litundikwe ukutani watu wote walione, na funguo isikae kwa mtu mmoja anayesafiri.

Pia wakongwe. Nawaomba sana kuhusu wakongwe. Tunapenda kuwaalika kwenye mabonanza, wanavaa jezi zisizowatosha, tunawapigia makofi, wanakimbia kama walivyokimbia wakiwa na miaka ishirini, kwa sababu kelele za watu humsahaulisha mtu umri wake. Samboy alikuwa na miaka 52. Mzee akialikwa kucheza, apimwe shinikizo la damu kabla ya kuvaa jezi, na aliyemwalika ndiye agharimie kipimo.

Baraza la Michezo la Taifa, ninyi ndio mnaosajili vyama na vilabu vyote, kikapu, soka, netiboli, riadha, ngumi. Sharti hili mkiliandika ninyi halitakuwa la kikapu peke yake, na ndivyo ninavyotamani liwe.

Sina cheo wala chama, na sigombei chochote. Nina watoto kumi na wanne ninaokutana nao kila Jumamosi saa kumi jioni. Robo saa ya kwanza hatugusi mpira, tunafanya zamu kwenye ule mto wa tairi. Mdogo wao ana miaka kumi na moja, mwembamba, uzito wake hautoshi kukishusha kifua cha mtu mzima sentimita tano. Nimempa kazi nyingine. Yeye hupiga kelele ya kwanza, humshika mtu mzima aliye karibu mkono, humleta pale, humpigisha goti na kumwonyesha mahali pa kuweka kiganja. Anaifanya vizuri. Akitaka kumwonyesha mgeni huanza kwa kusema, hapa hapa, katikati, usiogope.

Mkipenda kuona, karibuni Jumamosi yoyote.

Wenu mtiifu,
Mfundisha kikapu wa mtaani
Temeke, Dar es Salaam